Sahani Ambazo Hakuna Aliyezitaka

Lurlene alikuja na maboksi sita
akayarudisha garini matupu.
"Mama, nani siku hizi anakula kwenye sahani za waridi?
Mashine ya kuoshea inazifubaza. Zina maua hadi mgongoni."
Sikumjibu. Nilisukuma mlango wa kabati,
na kabati likalia kwa ndani, kama kawaida yake:
vikombe vya rafu moja, havikosi kugongana.

Ziko mia moja na nane.
Za waridi zilitoka kwenye magunia ya shayiri,
miaka ile mama yangu alipotupikia uji asubuhi na jioni
ili gunia liishe upesi,
ili kisahani kipate kikombe chake.
Za rangi ya asali ni za harusi.
Za kijani zina urani: zima taa,
zimulike kwa kurunzi ya zambarau,
utaona zinavyokutazama
kama paka chini ya kitanda.

Arvil alisimama mbele ya tanuri miaka thelathini na mmoja,
kiwandani, kando ya Mto Ohio.
Mikono yake haikuwa na nywele hadi viwikoni.
Popote tulipoalikwa aliinua sahani tupu,
akaipindua, akatafuta kovu la kalibu,
akaguna, ndipo akaruhusu viazi.
Nilikuwa naona haya.
Sasa na mimi nazipindua.

Bwana Pruitt, anayetengeneza madirisha ya kanisa,
alinifundisha Jumanne nane na hakuchoka kunionya:
sahani si kioo cha dirisha.
Ina tumbo. Ina ukingo. Ukiikwaruza kwa gurudumu la kukatia
itapasukia inapotaka yenyewe.
Basi nyingi naziacha nzima.
Nazivika utepe wa shaba ukingoni,
naubana kwa kijiti hadi ulale,
napaka dawa inayonuka kama betri,
kisha pasi ya moto, kisha lehemu,
na lehemu inakimbia juu ya shaba
kama zebaki iliyokumbuka jambo.

Kifuniko cha bakuli la peremende, katikati.
Vitako vya glasi za mvinyo, pembeni, kama vifungo.
Kisahani cha majivu tulichokiiba
kwenye hoteli moja ya Wheeling, usiku wa kwanza.
Kimekaa juu kushoto. Lurlene asiulize.

Palibaki pengo upana wa kiganja.

Nikashuka tena ghalani, nikatoa mkebe wa kahawa
ambao sijaufungua tangu mwaka wa mgomo.
Mle kuna sahani moja ya kijani, vipande kumi na kimoja.
Aliirusha ukutani. Si kwangu, ukutani,
usiku ule walipotangaza tanuri la pili linazimwa.
Alikwenda kulala na viatu.
Nilifagia, nikamwambia nimetupa.
Kwa nini sikutupa, hata leo sijui.
Hakuuliza; lakini tangu siku ile
alihesabu zile za kijani kila Krismasi,
kwa midomo tu, akifika saba, akinyamaza.

Sikuziunga ziwe sahani tena.
Ningeweza: nilizipanga mezani, zote zipo,
hata ile ndogo kama ukucha.
Nikazitawanya pengoni, ncha nje, ncha ndani,
kidole kikakatika mara mbili.

Dirisha limening'inia barazani, upande wa mashariki.
Saa mbili asubuhi, theluji ikiwa nje,
waridi inalala juu ya kiti chake.
Asali inafika hadi kwenye jiko.
Kijani hakitulii, kinatambaa ukutani
kama kitu kinachotafuta mahali kilipopiga.

Jumapili Lurlene alisimama mbele yake na koti mwilini,
uso nusu waridi, nusu buluu.
Akagusa mshono mmoja wa lehemu.
"Hili," akasema, "hili nitalichukua."

Nikamwambia avue koti kwanza.
Nikampa viazi kwenye sahani ya plastiki.
Aliipindua.